Kwa mwendo wa watoto

Bwana asifiwe, wapendwa. Somo la juma hili ni Mwanzo 33:12-17. Ni mistari sita tu. Lisomeni kwanza, kisha mnivumilie, maana juma zima nimelisoma huku bega la mdogo wetu likiwa haliniondoki moyoni.

Wengi mnajua kwamba Jumamosi alfajiri sisi wanaume sita wa kikundi cha sala hutoka na baiskeli. Tunaomba kwanza, tunaendesha, tukirudi tunakunywa chai pamoja. Baiskeli zenyewe ni za milimani, zile za matairi mapana yenye meno, ingawa Lubumbashi haina mlima. Mji wetu umekaa juu ya uwanda, kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na mlima pekee tunaouona ni ule mweusi wa mabaki ya shaba kando ya bomba la moshi la Gécamines, kampuni ya madini ya serikali. Kwa hiyo miteremko tunaitafuta porini, upande wa barabara ya Kipushi, kwenye vichuguu. Mtu ambaye hajafika Katanga anaweza kudhani ninazungumzia kilima cha mchwa kinachofika magotini. Vyetu vingine vinapita urefu wa nyumba. Na vile vilivyochimbwa udongo wa matofali vimebaki na kuta na makorongo ya ghafla. Huko ndiko tunakopenda kuteremkia.

Jumamosi ile ya mwezi wa nane kulikuwa na baridi ya asubuhi na vumbi jekundu limelala njiani kama unga. Mdogo wetu wa kwaya alikuwa anatoka nasi kwa mara ya pili tu, na baiskeli aliyoendesha ilikuwa ya kuazima. Mimi ni mkubwa wao kwa umri, hivyo huwa natangulia. Tulipofika kwenye njia panda ya kuingia porini alikuwa anahema, yuko nyuma yetu kwa hatua nyingi. Nikageuka, nikamwuliza kama anaweza. Akaniambia, "Yaya, muende tu, minakuya," yaani, kaka, nendeni tu, ninakuja.

Nikaenda.

Maneno hayo nimeyatafakari kuliko hubiri lolote nililosikia mwaka huu. Anayesema "muende tu, minakuya" mara nyingi ndiye anayeona haya kusema "mningojee". Nami nilijua. Niliuona uso wake. Lakini jibu lake lilinifaa, kwa sababu miguu yangu ilikuwa na nguvu asubuhi ile na nilitamani ule mteremko. Nikachukua ruhusa aliyonipa kwa kuwa nilikuwa naitaka.

Tulipotokea kwenye lami tukajihesabu. Tulikuwa watano. Tukangoja, tukapiga simu, haikupokelewa. Tukarudi kwa njia ileile, na huko porini tukamkuta ameketi chini, ameegemea mti, uso umebadilika rangi. Alikuwa anakimbiza ili atufikie. Kwenye ukingo wa kichuguu kilichochimbwa gurudumu la mbele likazama katika vumbi laini, naye kwa hofu akabana breki ya mbele kwa nguvu zote. Baiskeli ikasimama, yeye akapaa juu ya usukani na kuangukia bega. Tulikuwa tumemwacha zaidi ya kilomita moja.

Hakuwa peke yake. Walikuwa pale wanaume watatu wa makala, yaani wauza makaa, wale tunaowakuta kila siku wakisukuma kinga zao, yaani baiskeli, zilizopakiwa magunia hadi mwenye kusukuma haonekani. Nyumba nyingi za mji huu hupika kwa makala yao, na wengi wetu tumekuwa tukiwapita barabarani kama tunavyopita miti. Mmoja wao alikuwa kifua wazi katika baridi ile. Shati lake ndilo lililofunga mkono wa mdogo wetu kifuani, limekazwa kwa ukanda wa mpira wa ndani wa tairi, uleule wanaofungia mizigo.

Yule mwenye shati akaanza kufungua magunia yake mwenyewe na kuyashusha kando ya njia. Akamketisha mdogo wetu kwenye kinga, mwenzake akashika upande wa pili, wakaanza kusukuma. Mimi nikashika nyuma nikiharakisha, maana hatia ilikuwa inanisukuma. Akanisimamisha kwa upole: "Papa, polepole. Kila shimo anaisikia." Nikaona aibu. Hata katika kumsaidia nilikuwa bado naendesha kwa mwendo wangu.

Njiani nikamwuliza kama hawaogopi kusafiri na mizigo mikubwa namna ile. Akanijibu jambo ambalo sikulitarajia: "Siye batu ba makala, tunaendaka pamoja. Wa muzigo mukubwa njo anaendaka mbele." Mwenye mzigo mkubwa ndiye anayetangulia. Wengine wanamfuata nyuma, akisimama wanasimama, mzigo ukilegea wanauona kabla haujaanguka.

Kwenye kituo cha afya picha ya eksirei ilionyesha mtulinga umevunjika katikati. Daktari alisema hahitaji kupasuliwa. Mkono utaning'inizwa kwa kama majuma sita, na mfupa utajiunga wenyewe. Tumshukuru Mungu, kichwa kilikuwa salama kwa sababu ya kofia ngumu.

Sasa rudini kwa Yakobo. Esau anamwambia waondoke pamoja, yeye atatangulia. Ni mwaliko mzuri, wa ndugu aliyesamehe, tena ana watu mia nne. Yakobo anajibu kwamba watoto ni wachanga, na kondoo na ng'ombe wananyonyesha, wakiendeshwa kwa nguvu hata siku moja tu, kundi lote litakufa. Bwana wake atangulie, yeye atakwenda polepole, kwa mwendo wa wanyama walio mbele yake na kwa mwendo wa watoto.

Angalieni: walio mbele yake. Wadogo na wanyonge wametangulia, Yakobo yuko nyuma yao. Nilipousoma mstari huo Jumapili usiku nikasikia sauti ya mtu wa makala.

Najua wako wanaosema kwamba Yakobo alikuwa anamkwepa kaka yake, na ni kweli, mstari wa 17 unasema alikwenda Sukothi, hakwenda Seiri kwa Esau. Sitaki kumtetea kwa hilo. Lakini alichosema kuhusu watoto kilikuwa kweli, na sura iliyotangulia inaonyesha alikojifunza. Usiku ule kwenye kivuko cha Yaboki, aliposhindana mweleka na mtu hadi alfajiri, alipigwa kwenye uvungu wa paja, na jua lilipomzukia Penueli alikuwa anachechemea. Mtu huyu aliyemshika kaka yake kisigino tangu tumboni, aliyemtangulia kwenye baraka, sasa hawezi tena kukimbia. Na tangu kuchechemea kwake utaratibu wa safari unabadilika. Hatari inapokuja, katika 33:3, yeye mwenyewe anatangulia mbele ya wake na watoto kumkabili Esau. Hatari ikipita na safari ikianza, anarudi nyuma yao. Mimi nilifanya kinyume chake: nilitangulia kwenye raha ya mteremko, na penye hatari nikamwacha kijana peke yake.

Ndugu, tulipojenga ukuta wa kanisa tulitangaza michango kwa sauti, kila familia na kiasi chake. Papa mmoja aliyekuwa amepoteza kazi tangu mwaka mpya aliacha kuja. Tulipomwuliza mara ya kwanza alisema yuko sawa, tuendelee tu. Tukaendelea. Pasaka ndipo tulipojihesabu. Ninaandika haya nikiwa mmoja wa waliosimamia michango ile, na nimeshakwenda kwake kumwomba msamaha. Alinipokea vizuri kuliko nilivyostahili.

Jambo moja zaidi. Magunia ya makala hayakuachwa. Mmoja wetu alibaki kuyalinda pamoja na yule mtu wa tatu, kwa muda wa saa mbili hivi. Aliporudi alijilaumu kwamba hakufanya lolote, wengine ndio walimbeba mgonjwa. Nilimsomea 1 Samweli 30. Watu 200 walichoka, wakabaki kwenye kijito cha Besori, na Daudi akaamuru kwamba aliyeshuka vitani na aliyekaa penye vyombo watagawiwa sawasawa. Akanyamaza kwa muda mrefu, kisha akaomba tumpitishie chai.

Juma hili tuwaombee watu wa makala wa barabara ya Kipushi, kwa namna ya pekee wale watatu, kwa kuwa katika haraka yangu sikuwauliza majina. Tumwombee na mdogo wetu. Usiku bado hapati usingizi mzuri, ila ameanza kuuliza lini tutatoka tena, nami nimemwahidi kwamba siku hiyo gurudumu la mbele kabisa litakuwa lake.

Lile shati tulilifungua kituoni na kumfunga bandeji. Mke wangu amelifua na kulipiga pasi. Jumamosi mbili sasa nimekwenda nalo ndani ya mfuko hadi mahali pale, nikakaa kando ya njia nikiangalia kila kinga inayopita. Bado sijamwona. Kesho kutwa nitakwenda tena.