Throto bodi ya Fielder kwa Probox
Wadau, jana nimeshinda Kibuye, Kisumu, na fundi wangu mpaka giza. Toyota Probox yangu sailensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) ilikuwa inapanda inashuka, ukifika raundabauti inazima, throto bodi, ule mlango wa kuingiza hewa kwa injini, tumeiosha mara mbili na wapi. Fundi akaleta ya Toyota Fielder, injini ni ileile 1NZ-FE nikajua hapa ni kufunga tu twende, na kweli bolti zote ziliingia. Kumbe yangu ni ya kamba na hiyo ni ya umeme, haina hata mahali pa kushika kamba ya pedali ya mafuta, soketi nayo tofauti kabisa, kompyuta ya gari langu itaiendeshaje? Nilivunjika moyo jamani. Kuzunguka tena tukapata ya Vitz ya zamani ya injini ya 1500cc, ya kamba, tukafunga, bado mlio uko juu. Fundi akapuliza dawa ya kuosha kabureta pale kwa maungio, mlio ukabadilika papo hapo, hewa inaingia kwa gasiketi, ile ya kuziba maungio! Kumbe tulikuwa tumerudisha gasiketi ile kuukuu, imekauka kama biskuti. Kuweka mpya, gari likatulia. Leo nimeenda Ahero nikarudi, halijazima hata mara moja, nimefurahi sana. Mwenye Probox, kwanza angalia yako ni ya kamba ama ya umeme kabla utoe pesa.