Siku niliyopewa kipimajoto

Mwaka 1999 Ulaya ilizuia samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu ya sumu waliyokuwa wakiitumia baadhi ya wavuvi, na Mwanza tukajua maana ya kiwanda kusimama. Vijana wa minofu wakarudi nyumbani. Zuio lilipoondolewa mwaka 2000, nami nimeshamaliza kidato cha nne, nikaenda kusimama kwenye geti la kiwanda kimoja na wenzangu wa mtaani kwetu Igogo.

Supavaiza alitoka na orodha mbili. Ya wakata minofu ilikaribia kujaa jua halijawa kali. Ya pili ilikuwa ya ukaguzi na maabara. "Nani kasoma kemia na baiolojia?" Nikanyoosha mkono. Cheti ninacho, tena alama nzuri.

Akaniingiza ndani, kwenye meza yenye sangara aliyelazwa juu ya barafu, akanipa kipimajoto chenye ncha kama sindano. "Mpime huyu."

Shuleni kwetu hapakuwa na maabara. Mtihani wa vitendo tulifanya ule mbadala wa kwenye karatasi: unachorewa kifaa, unaulizwa kinasoma ngapi. Sangara nimempara tangu utotoni, lakini kipimajoto cha kweli nilikuwa sijawahi kukishika.

Dada mmoja mwenye gambuti nyeupe akasogea. "Mdogo wangu, chomeka kwenye nyama nene, hapa nyuma ya kichwa, usiguse mfupa. Subiri namba itulie." Ikatulia karibu na sifuri, joto la barafu inayoyeyuka, ndilo wanunuzi wa Ulaya walilolitaka. Akaniambia kwao Ukerewe, baba yake mvuvi wa dagaa, na yeye kasoma chuo cha uvuvi Nyegezi. Nyegezi! Daladala za huko zilipita Igogo kutwa nzima, na sekondari yote hakuna mwalimu aliyewahi kututajia hicho chuo.

Hilo linaniuma mpaka leo. Ziwa letu, samaki wetu, ila kazi nyingi za maabara pale zilikwenda kwa waliotoka mikoa yenye shule zenye vifaa. Siwalaumu, walistahili. Lakini ukimfundisha mtoto sayansi bila kumshikisha kifaa, ataishia kwenye kibarua cha siku hata kiwanda kikiwa mlangoni kwao.

Maabara sikupata; nilipewa kisu, nikaanza minofu. Kabla ya mwezi kwisha yule dada akaniletea fomu ya chuo, kaweka alama kwa penseli mahali pa kujaza masomo ya sayansi. Mama akaisoma sehemu ya ada, akaniuliza kibarua kinalipa kiasi gani kwa wiki, tukaanza kupiga hesabu.