Binti Abihaili Nyumbani kwa Mordekai

Neno la juma hili: Esta 2:5–11

Wapendwa katika Bwana, tukisoma kitabu cha Esta huwa tunakimbilia jumba la mfalme kule Shushani, na tunaupita upesi mstari wa 7 wa sura ya pili, unaotuambia jinsi Esta alivyopata mahali pa kukulia. Tunaelezwa hapo kwamba Mordekai alikuwa amemlea Hadasa, ndiye Esta, kwa kuwa hakuwa na baba wala mama, na kwamba wazazi wake walipokufa Mordekai alimtwaa kuwa binti yake mwenyewe. Juma hili naomba tuutafakari mstari huo pamoja na wale miongoni mwetu wanaojiandaa kuasili mtoto, kwa maana ndani yake, na katika mistari michache inayoufuata, mna mambo ambayo maafisa wa ustawi wa jamii hutumia muda mrefu kuwaeleza wazazi watarajiwa.

Angalieni kwanza mpangilio wa habari. Msiba wa mtoto unatajwa kabla ya tendo la Mordekai. Maandiko hayatuambii kama Mordekai alikuwa na mke, wala kama alikuwa amelilia mtoto kwa miaka mingi. Yanachotujulisha ni kwamba binti huyu alikuwa amebaki pasipo wazazi. Wengi wetu tunaufikia uamuzi wa kuasili kwa njia nyingine, yaani baada ya kusubiri sana, baada ya matibabu yasiyozaa matunda na sala zilizoonekana kutojibiwa, na hakuna dhambi katika hamu hiyo, kwani hata Hana aliimwaga mbele za Bwana bila kuona haya. Hata hivyo, majonzi ya mtoto ambaye hakuzaliwa yanahitaji kuliliwa kwa haki yake, na yaliliwe kabla mtoto mwingine hajaingia nyumbani, kwa sababu mtoto anayeletwa ili kuwafuta machozi watu wazima hubebeshwa kazi ambayo hakuiomba na hawezi kuimaliza. Mume na mke wanapaswa kuulizana jambo hili waziwazi, tena zaidi ya mara moja, maana mara nyingi mmoja wao huwa tayari huku mwenzake akikubali tu kwa kumwonea huruma.

Hapa ndipo tunapoweza kuelewa kwa nini safari ya kuasili ina maswali mengi. Baadhi ya waumini hukwazika wanapoona nyumba yao inakaguliwa, afya yao inapimwa, ndoa yao inachunguzwa na majirani wanaulizwa habari zao, wakasema kwamba wanaozaa hawaulizwi lolote. Uchungu huo naufahamu, lakini sikubaliani nao. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika ibara ya 21, unataka maslahi ya mtoto yatangulizwe kuliko jambo jingine lolote katika kuasili, na Mkataba wa The Hague wa mwaka 1993 kuhusu kuasili watoto kati ya nchi na nchi unadai kwamba wazazi watarajiwa wathibitishwe kuwa wanafaa na wapewe ushauri unaohitajika. Anayetafutiwa ni mtoto, naye ameshapoteza familia moja. Haitakuwa haki apoteze ya pili kwa sababu sisi wakubwa tuliona aibu kuulizwa kuhusu hasira zetu, madeni yetu au namna tulivyolelewa.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha andiko hili. Mordekai amekwisha kumtwaa Esta kuwa binti yake, lakini mstari wa 15 unamwita binti Abihaili, na hata katika sura ya 9, mstari wa 29, akiwa malkia mwenye mamlaka ya kuandika barua kwa Wayahudi wote, bado anaitwa binti Abihaili. Jina la marehemu baba halikufutwa ili kumpa Mordekai nafasi, na hakuna mahali tunapoona Mordekai akilionea wivu. Mzazi mtarajiwa anayetamani mtoto asiye na yaliyopita anatamani mtoto ambaye hayupo duniani. Kila mtoto anayeasiliwa, hata yule aliyepokelewa akiwa na umri wa siku chache, anakuja na mama aliyembeba tumboni, na pengine na ndugu, na historia ya magonjwa ya ukoo, na sababu fulani iliyomtenga nao. Ndiyo maana Mkataba wa The Hague unataka habari za asili ya mtoto zihifadhiwe. Wazazi wanaojiandaa vizuri huziomba habari hizo mapema, huziandika na kuzitunza, na huanza kumsimulia mtoto akiwa bado mdogo mno kuelewa yote, ili isije ikafika siku ya kumketisha na kumtolea taarifa nzito akiwa kijana, akagundua kwamba shangazi na majirani walikuwa wakijua siku zote.

Je, kila mtu ajue? Katika mstari wa 10 Mordekai anamwagiza Esta asiwadhihirishie watu wa jumba la mfalme kabila lake wala jamaa yake. Esta mwenyewe alijua barabara yeye ni nani. Waliokosa kujua ni watu wa nje, na wakati wa kusema ulipowadia, katika sura ya 7, aliyeifumbua siri hiyo mbele ya mfalme alikuwa yeye mwenyewe. Habari za mtoto ni mali ya mtoto. Nalisema hili kwa kanisa hasa, kwa sababu tunapenda shuhuda, na nimeona jinsi inavyotujia kwa urahisi kumsimamisha mtoto mbele ya ibada na kueleza alikookotwa, nasi tukipiga makofi huku yeye akitazama sakafu. Tukinukuu Warumi 8:15, kwamba tulipokea roho ya kufanywa wana, tukumbuke kwamba katika picha hiyo sisi ndio tuliotwaliwa, kwa hiyo haitupi ruhusa ya kujiona wakombozi wa mtoto wala ya kumdai shukrani.

Kisha kuna mstari wa 11, unaosema kwamba kila siku Mordekai alitembea mbele ya ua wa nyumba ya wanawake ili ajue hali ya Esta. Kila siku. Wazazi watarajiwa huambiwa kwamba upendo utatosha, nao hushtuka baada ya majuma machache wanapomwona mtoto akificha chakula chini ya mto ilhali mezani kimejaa, au akimkimbilia kila mgeni kana kwamba mgeni ndiye mama, au akiumia bila kulia kwa sababu alishazoea kulia bila kujiwa na mtu. Tabia hizi zilimsaidia kuishi mahali pengine, na adhabu haiziondoi. Kinachosaidia ni mtu yuleyule kumlisha, kumwogesha, kumlaza na kumjia anapoamka usiku, kwa ratiba isiyobadilikabadilika, mpaka mwili wake uamini kile ambacho masikio yameambiwa. Kwa hiyo katika majuma ya kwanza wageni wawe wachache, na sisi washarika tusimpokezane mtoto mikononi kwa furaha yetu. Tupeleke chakula, tufue nguo, tuondoke. Nanyi wazazi mkiona kwamba upendo mlioutarajia haujawajia mara moja, au mmoja wenu analemewa na huzuni isiyoelezeka, mwambieni mapema afisa anayewafuatilia. Jambo hilo huwapata wazazi wengi, na linatibika.

Kwa wale walio katika maandalizi, ninayo kazi moja ya juma hili. Ipo siku mtoto atauliza, huenda akiwa na miaka minne tu na katikati ya shughuli nyingine, kama alikuwa tumboni mwa mama anayemwita mama. Ketini wawili, au na rafiki wa imani ikiwa unaasili ukiwa peke yako, mtunge jibu la kweli ambalo mtoto wa umri huo anaweza kulibeba, lisilomdharau mama aliyemzaa wala kuahidi msichokijua. Lisemeni kwa sauti, kila mmoja kwa zamu. Mkikwama kwenye neno fulani, lileteni kwenye kikao chenu kijacho na afisa wa ustawi wa jamii.