Mtoto asigeuzwe mkalimani wa mama yake hospitali

Kigoma mjini tunajisifu kwa mchanganyiko, na kweli, shuka Kibirizi au zunguka Ujiji utakuta Waha, Wamanyema, Wabembe, Warundi, kila mtu na mishe zake, na sokoni hakuna shida maana bei hata kwa vidole mtaelewana. Kasheshe ni hospitali.

Mrundi ana unafuu, Kirundi na Kiha vinakaribiana, akikutana na nesi Muha wanamalizana hapo hapo. Ndo maana 2015 Warundi waliokimbia kwao walipofurika Kagunga, kijiji cha mpakani, na kipindupindu kikaingia, meli ya MV Liemba ikawa inawaleta mjini, watu wa kuongea nao walikuwepo. Sasa chukua bibi wa Kibembe katoka kule milimani Fizi, Kongo, Kiswahili chake ni cha "ngapi, punguza", unamuuliza maumivu yanachoma au yanavuta, atakujibu nini? Ataitikia tu kila kitu, apewe panadol arudi zake nyumbani.

Juzi nipo foleni kituo kimoja hivi (sikitaji), mama kaingia na mwanae wa kiume, kama darasa la tano, bado ana sare. Mlango haufungi vizuri kwahiyo wote tunasikia. Nesi anauliza, dogo anatafsiri, ikafika swali la hedhi, dogo kimyaa, anaangalia viatu, halafu akamuuliza mama yake kama amekula asubuhi. Mama akaitikia. Nesi akaandika! Mimi Kibembe nakisikia, bibi mzaa mama ni Mbembe, ikabidi nijipenyeze, samahani dada, hajaulizwa hicho. Nesi wala hakukasirika, alishukuru, maana nje watu wamejaa na yuko peke yake.

Mtaani kwetu wamama wa kikoba wanachanga hela ya bajaji mgonjwa afike hospitali ya Maweni, na mmoja anafunga genge asubuhi nzima amsindikize, akirudi nyanya zimeshalegea, posho hana. Huyo ndo wa kulipwa jamani! Wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanapita nyumba kwa nyumba, sawa, ila wakati wa kuwachagua tuangalie na lugha. Dawa za TB ni bure lakini dozi ni miezi 6, mtu kikohozi kikikata mwezi wa pili anajiona mzima anaacha, hilo nalo utalieleza kwa vidole? Na wengine ukitaja kitambulisho tu, hata kama ni cha kujazia fomu, wao wanasikia Uhamiaji, hawarudi tena.

Mwenyekiti wa mtaa nimeshamfuata, kasema tupeleke majina. Tunao wamama wawili wa Kibembe na kaka mmoja fundi boti, huyo wa kwenda na wanaume, hela ndo bado inazungushwa. Watu wa Katonga na Gungu, kama kuna mtu mzima huko anajua Kifulero (lugha nyingine ya Kongo) na ana muda asubuhi, nishtueni kabla ya kikao cha Jumamosi.