Minyoo wa Mama Mkwe

Posa imepita, mahari imetajwa, Zuhura kanuna kisha kacheka. Hayo nitayaandika siku nyingine. Mimi nimenasa kwenye maneno ya Mama Mkwe ya Jumanne usiku.

Alinikuta mezani naandaa somo la Kidato cha Tatu, minyoo wa jaribio waliorushwa na Columbia, chombo cha anga cha Marekani. Mnanijua, mwaka haupiti bila kuwasimulia. Chombo kiliruka Januari 16, 2003 na wanaanga 7 na majaribio kama 80, wakayafanya kwa zamu, usiku na mchana. Februari 1, zikiwa zimebaki kama dakika 16 watue, kikasambaratika juu ya Texas. Siku ya kuruka, kipande cha povu gumu la kukinga joto kilibanduka kwenye tangi la nje la mafuta kikatoboa bawa la kushoto. Wiki kadhaa baadaye yakafunguliwa makopo yaliyookotwa kwenye mabaki, na ndani minyoo wa milimita 1 walikuwa hai.

"Watu wote walikufa?"

"Wote, mama."

"Minyoo wakapona?"

"Wakapona. Yaani vitukuu vyao, maana wanazaana upesi..."

"Na wewe unawapelekea watoto wa watu kama habari njema."

Akachukua kikombe chake, akaenda kulala.

Tangu hapo namjibu kichwani: nikiosha vyombo, kwenye daladala, hata wageni wa posa wakila pilau. Namwambia data nyingi zilishatumwa duniani kabla ya ajali. Namwambia hata kwenye diski ya kompyuta iliyoungua yalitolewa matokeo ya jaribio la gesi ya xenoni. Kila jibu likifika mdomoni linakuwa ubishi, na Mama Mkwe habishiwi.

Jana tunachambua mchele, kaanza mwenyewe: "Wanawake walikuwemo?"

Wawili, nikamwambia. Kalpana Chawla, mzaliwa wa India, na Laurel Clark, daktari, aliyeacha mtoto wa kiume wa miaka 8. Nikamsimulia Laurel alivyowaeleza waandishi, akiwa huko huko juu, kwamba kamwona nondo akitoka kwenye kifukofuko katika jaribio la viwavi wa hariri la wanafunzi wa China: mabawa bado yamekunjamana, ndiyo kwanza anayanyoosha.

Mama Mkwe akaweka ungo chini. "Si ungeanza na huyo?"

Nimefurahi kama niliyepandishwa daraja! Kesho naanza na nondo, minyoo watasubiri kipindi cha pili.

Baba Zuhura bado anakohoa. Nikimtajia hospitali anasema ni vumbi la Dodoma, na Dodoma katoka mwezi uliopita.