Kocha kaomba video ya kikapu, sio ya futiboli

Juzi usiku mpwa wangu kanitumia meseji, "anko, kocha wa laini anataka klipu za kikapu". Nikasoma mara mbili. Mpwa anacheza futiboli ya Kimarekani haiskuli, yuko laini, wale wa mbele wanaomlinda mrusha mpira, na huyo kocha ni wa chuo. Yaani wiki mbili nzima mi na yeye tumekaa mezani tunakata video ya futiboli, tumetafuta pankeki zote za msimu (pankeki ni pale unapomsukuma mtu mpaka analala chali na we unamlalia juu), tumeweka na kamshale ka kumuonyesha kabla mchezo haujaanza ili kocha asihangaike kumtafuta, alafu mtu anasema nipe kikapu. Na kwenye kikapu mtoto mwenyewe ni wa benchi, anaingia dakika 6, anafanya faulo 4, anarudi kukaa.

Ila nilivyotulia nikaona kocha ana akili, na ndo maana nimeamua kuandika, maana wazazi wengi tunaokutana nao kwenye viwanja vya haiskuli huku Marekani wanadhani mtoto wa laini anatafutwa na vyuo kama wanavyotafutwa wenzake. Wapi!

Laini ya ushambuliaji ni watu watano, senta katikati, gadi wawili, na pembeni mateko wawili (ndiyo, ukiteleza kidogo kwenye herufi linakuwa neno lingine, na wala hutakuwa umekosea sana, maana makocha wa laini wanaangalia huko nyuma na mapajani kuliko wanavyoangalia kifua, nguvu inatokea huko). Jezi zao namba 50 hadi 79. Hawarushi, hawadaki, hawana yadi wala mabao ya kuandikiwa. Kwotabeki (ndo mrusha mpira) wa miaka 16 unamuona anavyorusha, mkimbiaji unampima kwa saa, wa laini utampima kwa nini? Kumlaza chali mtoto wa paundi 170 wakati we una 290? Hiyo kwenye mechi za haiskuli za Ijumaa usiku hata mimi na goti langu bovu ningefanya. Chuoni anayekuja mbele yako ana paundi 260, ana mbio za ajabu, na kaja na shida moja tu, kumfikia kwotabeki wako.

Basi kocha anabaki kupiga ramli. Anatafuta mwili utakaokuwepo miaka mitatu mbele. Ndo maana maswali yao ya ajabu, mwaka huu tumeulizwa saizi ya viatu, tumeulizwa mama ana urefu gani, tumeulizwa baba aliacha kurefuka akiwa na miaka mingapi (shemeji hakumbuki, nani anakumbuka hicho kitu). Mpwa wangu ana futi 6 na inchi 5 lakini paundi 245 tu, dada anaona aibu kwamba mtoto mwembamba, mi namwambia dada acha, uzito chuoni watamuongezea, wana wapishi na vyuma, mikono mirefu ndo hakuna anayeweza kukuongezea.

Kitu nilichojifunza kwa kusimama karibu na makocha kwenye kambi ya chuo ya kupima watoto mwezi wa 6 na kutega sikio ni sentensi moja wanayoambiana: anakunja magoti au anakunja kiuno? Basi. Simama pembeni uangalie zoezi la mmoja kwa mmoja utaona. Teko anaanza kurudi nyuma kwa kuteleza, mguu wa nje unapiga, wa ndani unafuata, kama mtu anayeshuka ngazi kinyumenyume gizani. Anayekunja magoti kichwa kinabaki nyuma, mgongo umenyooka, akigongwa anazama chini na kusimama palepale. Anayekunja kiuno kichwa kinatangulia mbele, mikono inamfuata adui, na yule wa ulinzi akishamvuta kidogo tu, kwisha habari, mtu wa paundi 300 anakwenda kuokota nyasi. Sasa kwenye video ya pankeki huwezi kuona hayo, maana unayemlaza hana uwezo wa kukuadhibu. Kwenye kikapu unaona! Unamuona mtu mrefu anateleza pembeni akimzuia mdogo mwenye kasi, anageuzwa, anajirudisha au hajirudishi. Mieleka ndo balaa zaidi, kule unaona mizani na mikono. Tristan Wirfs kabla ya kwenda chuo cha Iowa alikuwa bingwa wa jimbo kwenye mieleka, na kwenye tufe na kisahani pia, 2020 Tampa Bay wakamchukua namba 13 pale timu za NFL (ligi ya kulipwa) zinapochagua kwa zamu wachezaji wanaotoka vyuoni.

Na ramli yenyewe huwa inawakataa. Eric Fisher alitoka haiskuli na ofa (ahadi ya skolashipu ya kucheza) za Central Michigan na Eastern Michigan, hao wakubwa wa jimbo lake hawakumtaka, 2013 akawa chaguo la kwanza kabisa la NFL. Mwaka huohuo namba 4 alikuwa Lane Johnson, ambaye haiskuli alikuwa KWOTABEKI, akaenda chuo kidogo cha Kilgore bado kwotabeki, Oklahoma wakamzungusha nafasi moja baada ya nyingine mpaka akatua kwenye laini. Jason Kelce alifika Cincinnati bila skolashipu, tena kama mkimbiaji. Kwa hiyo nikiona mzazi anagombana mtandaoni na watu wa nyota, wale wanaowapa maksi wachezaji wa haiskuli, mara mwanangu kapewa nyota mbili mara alistahili nne, namuonea huruma tu.

Sasa ofa. Hapa ndo nilipoumizwa. Oktoba tulikwenda kuangalia mechi ya chuo kimoja, sitakitaja, kwa mafuta yetu na sandwichi zetu, kocha mmoja akamshika mpwa bega akamwambia kijana tunakupa ofa. Dada akalia palepale. Kwenye gari mtoto kashaposti, moyo mwekundu mia mbili. Mi nikakaa na swali kooni wiki nzima, mwisho nikamwambia mtoto muulize hivi, kwa adabu: "kocha, nikisema ndiyo leo, mnanipokea?" Akauliza. Kimya siku mbili, alafu ikaja, tunapenda sana tukuone kambini mwezi wa 6 kwanza. Aah! Kumbe ofa ilikuwa ya kuposti, sio ya kukubali. Na hakuna pa kushtaki, maana ofa ya maandishi ya skolashipu kwa sheria za NCAA (chama kinachosimamia michezo ya vyuo) haitoki kabla ya tarehe 1 Agosti ya mwaka wa mwisho wa haiskuli, mengine yote kabla ya hapo ni maneno ya mdomo, na hata mtoto akisema "nimekubali" ni mdomo vilevile, anaweza kugeuka na wao wanaweza kugeuka, mpaka asaini Desemba au Februari.

Nafasi zenyewe zimebana. Zamani vyuo vya daraja la juu vilikuwa na skolashipu 85, kuanzia 2025 wale walioingia kwenye makubaliano ya ile kesi ya House (ya wanamichezo wa vyuo kudai kulipwa) kikomo chao ni wachezaji 105 kikosini, kila mmoja anaweza kulipiwa. Unasikia 105 unafurahi, ila zamani kikomo kilikuwa cha skolashipu tu, sasa ni cha kikosi kizima, kwa hiyo wale waliokuwa wanaingia bila skolashipu na kusubiri zamu yao, kama Kelce vile, wengi ndo wamekosa pa kukaa. Na ipo potali ya uhamisho tangu 2018, orodha ambayo mchezaji anayetaka kuhama chuo anajiandikisha, inawapiga watoto wa laini kuliko mtu yeyote kwa maoni yangu, sababu mtoto wa laini anahitaji miaka miwili mitatu ya kuiva, sasa kocha anayeweza kufukuzwa Novemba kwa nini alee mtoto wa miaka 18 wakati kuna mtu wa miaka 22 kashaiva mahali pengine? Ndo maana siku hizi nawaambia ulizeni mnao wangapi wa laini sahivi, wangapi mmewatoa haiskuli na wangapi potali, na kocha wa laini mwenyewe kakaa hapo miaka mingapi. Kirk Ferentz wa Iowa alianzia kuwa kocha wa laini, yuko hapo kama kocha mkuu tangu 1999, huyo angalau unajua ukienda utamkuta.

(Na masomo jamani. NCAA wanataka kozi 16 za msingi za haiskuli na wastani usiopungua 2.3 kati ya 4, bila hivyo urefu wote huo kazi bure msimu wa kwanza. Mpwa alikuwa anachezea kemia, dada kamnyang'anya simu, limeisha.)

Turudi kwenye kikapu. Hatukuwa na klipu yoyote, ikabidi nimtafute mama wa mchezaji mwenzake ambaye hurekodi mechi nzima kwa simu akiwa kwenye majukwaa, inatikisika, inasikika yeye tu akipiga kelele. Tukapata dakika 4. Mpwa akataka tutoe faulo, nikamwambia acha zote. Tukatuma vilevile.

Leo asubuhi jibu limekuja, fupi, "dakika ya 2 sekunde 10, hiyo, unazo nyingine kama hizo?" Tukakimbilia kuangalia. Ni pale kajamaa kadogo kamempita kulia, miguu imejikanganya, mpwa anajigeuza, hatua mbili, anashuka magoti na kukaa mbele yake tena, wanagongana kifua kwa kifua. Filimbi.

"Anko, lakini hiyo ni faulo yangu ya nne."