Nyota Iliyozama Katikati ya Mbingu

Mwezi wa Januari 2019, kaskazi ikiwa imetulia na mbingu ya Malindi haina wingu, nilikwenda Ngomeni nikiwa na kamera, stendi ya miguu mitatu na nia moja tu: kupiga picha ya Kituo cha Kimataifa cha Anga kikipita juu ya majukwaa ya San Marco. Majukwaa hayo yamesimama kwa miguu ya chuma katika ghuba ya Ungwana, na ndipo Waitaliano, wakishirikiana na Wamarekani, walipokuwa wakirusha roketi za Scout kuanzia Aprili 1967 hadi Machi 1988. Nilitaka mwanga wa chombo kikubwa kuliko vyote vilivyopata kujengwa angani ushuke juu ya mahali hapo, ili picha moja ibebe pwani yetu na anga kwa pamoja.

Ami yangu, mvuvi wa hapo Ngomeni, ndiye aliyenichagulia mahali pa kusimama, ambapo mchanga ni mgumu na miguu ya stendi haititii. Tulipokuwa tukingoja giza alinisimulia habari za tarehe 12 Desemba 1970, alipokuwa na umri wa miaka kumi. Asubuhi ile baba yake aliizuia mashua isitoke, na watoto wakakaa ufukweni mpaka mngurumo ulipowafikia kifuani na moshi mweupe ukapanda kuelekea mashariki, juu ya Bahari ya Hindi. Setilaiti iliyorushwa siku hiyo iliitwa Uhuru kwa kuwa Kenya ilikuwa ikiadhimisha miaka saba ya uhuru wake, nayo ndiyo iliyokuwa ya kwanza duniani kutengenezwa kwa kazi ya kuchunguza miale ya eksirei itokayo angani. Ilizunguka karibu na mstari wa ikweta, na orodha ya mwisho iliyotokana na kazi yake ina vyanzo 339 vya miale hiyo. Nilipomweleza Ami hayo aliniuliza kama waliokuwa wakihesabu waliwahi kuambiwa kwamba watoto wa Ngomeni waliiaga. Sikuwa na jibu, na swali lile lingali linanikaa moyoni.

Programu ya simu ilionyesha kwamba kituo kingechomoza kusini-magharibi saa 1:50 usiku, kipite karibu na utosi wa mbingu, juu kabisa ya vichwa vyetu, kisha kiteremke kaskazini-mashariki, upande ule ule wa majukwaa. Nilisoma hadi hapo nikaridhika. Niliisimamisha kamera wima, lenzi pana ikichukua kuanzia maji hadi utosini, nikafungua tundu la lenzi hadi mwisho, nikaweka wepesi wa kamera kunasa mwanga kuwa ISO 800, kisha nikaipangia kamera ipige picha za sekunde 15 mfululizo bila kupumzika, ili vipande vya mstari wa mwanga viunganishwe baadaye kwenye kompyuta.

Adhana ya isha ilikuwa ndiyo kwanza imekwisha kijijini kituo kilipotokea nyuma yetu, cheupe, kimetulia, hakimeti kama nyota wala hakipepesi taa kama ndege, kikipanda juu ya minazi kwa mwendo ambao macho huuona wa polepole ingawa kinapita zaidi ya kilomita saba kwa kila sekunde. Ami alikifuata kwa kidole. Mimi niliinamia kamera, nikihesabu milio yake, kwa hofu kwamba nikiiacha peke yake ingekosea.

"Nyota yako imezama," Ami akasema.

Niliinua kichwa nikaona nyota za kawaida tu. Kati ya utosi na majukwaa, pale ambapo mwanga ulipaswa kuwa unashuka, hapakuwa na kitu. Nilitafuta wingu sikuliona, nikaitazama picha nikakuta mstari umeingia kwa juu ukiwa mnene na mweupe, ukafika nusu ya njia, ukakatika. Nilisikitika kweli, nikasema kwamba kamera imeniharibia kazi ya wiki nzima.

"Kamera haina kosa, mwanangu. Nyota ile haikuzimika kama taa. Ilibadilika rangi kwanza, ikawa kama kaa la moto, ndipo ikazama."

Nilikikuza kipande cha mwisho kwenye kioo cha kamera. Ncha ya mstari ilikuwa na wekundu kama alivyosema, jambo ambalo mimi, niliyekuja na vifaa vyote, sikuliona kwa macho yangu. Hapo ndipo nilipoelewa. Kituo hakina taa ya kutuangazia. Tunachokiona ni jua likigonga mabawa yake, na kwa kuwa kipo kilomita 400 juu, jua lililokwisha kutuchwea sisi kilikuwa bado kikiliona. Kilipokuwa kikielekea mashariki kiliingia katika kivuli cha dunia, na mwanga wa mwisho kilioupata ulikuwa wa machweo, uliopenya hewa yote ya ukingo wa dunia ukabaki na wekundu wake. Picha nilizokuwa nimezizoea, zenye mstari kutoka upeo hadi upeo, nyingi zilipigwa Ulaya wakati wa kiangazi, ambako jua halizami chini sana usiku. Kwetu jua huzama karibu wima na kivuli hupanda haraka.

Ami alisikiliza maelezo yangu, kisha akakitazama Kilimia, kile kikundi cha nyota, kilichokuwa juu upande wa kaskazini. "Wazee walisema Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua. Kinachozama jioni kina wakati wake wa kuzuka. Hii nayo itazuka alfajiri, na itazuka hapo hapo katikati ya mbingu, haitangoja ukingo wa bahari."

Wiki chache baadaye, programu ilipoonyesha kwamba kituo kingepita kabla ya mapambazuko, nilirudi Ngomeni. Safari hii niliipangia kamera, nikaiacha, nikasimama bega kwa bega na Ami, uso juu. Magharibi palikuwa giza tupu. Kisha, juu kabisa, mbali na ukingo wowote, pakawaka kaa dogo jekundu, likawa la manjano, likawa jeupe, likashika njia ya majukwaa.